Aproni Isiyofuliwa

Aproni ya mfua cheni haifuliwi. Asiyelijua hilo si mtu wa Pforzheim, mji wetu wa masonara huku Ujerumani, au ni mtu wa Pforzheim aliyezaliwa kwa madaktari. Unaikung'utia juu ya sinia, unaipiga kwa brashi, vumbi linalodondoka unalitia koponi, kisha unaitundika tena na uchafu wake wote. Sabuni ingeipeleka dhahabu mtoni. Inavaliwa hivyo hivyo mpaka inakakamaa, na siku ikichoka inachomwa, majivu yake yanatiwa asidi, na yote iliyoyanywa miaka na miaka inayatapika.

Ya Roswitha Schaible ilikuwa ya buluu, nzito, na ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi na yeye tulikaa kiti kwa kiti kiwandani, tukiunga vipete vya cheni kwa kimoto kidogo. Kiwanda kilipofungwa, macho yangu yalikuwa yameshanikataa, nikastaafu. Yeye akahamishia kazi jikoni kwake, akawa analehemu cheni zilizokatika za masonara wa mjini. Mimi ni Lioba, nakaa ghorofa ya juu yao. Kiangazi, madirisha yakiwa wazi, nilikuwa nikimsikia akilehemu huku anaimba, na alikuwa hajui kuimba hata kidogo.

Alifariki mwezi wa tatu. Watu husema mtu akiondoka nyumba inakuwa kimya. Ya kwao haikuwa kimya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Redio ililia kutwa nzima, habari, muziki, bei za mafuta, na mle ndani hamkuwa na mtu wa kuisikiliza. Alwin, mumewe, alikuwa ameketi kando yake tu.

Huyo Alwin alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha kusafishia dhahabu. Alipostaafu akajenga kibanda kwenye kiwanja chake cha bustani kule karibu na mto, akawa anasafisha mabaki madogo madogo kwa raha zake. Tangu Roswitha augue hakukanyaga tena kibandani. Alichobaki nacho ni ufagio. Jengo letu lina zamu ya kufagia ngazi, wiki yangu na wiki yake, nami nikaanza kumkuta ngazini hata kwenye wiki zangu.

“Alwin, wiki hii ni zamu yangu.”

“Najua.”

“Sasa unafagia nini?”

“Ngazi.”

Ukitaka kuzungumza na Alwin Schaible ulikuwa unazungumza na Roswitha, naye akakupa majibu ya mumewe. Sasa mkalimani hayupo. Binti yao, Annegret, anafundisha shule huko Bremerhaven, juu kabisa kwenye bahari ya baridi, na kila Jumapili alipiga simu. Baba na mtoto waliulizana habari za mvua. Mvua ikiisha, simu nayo ikaisha.

Mwezi wa kumi nilikuwa nang'oa karoti zangu za mwisho, maana viwanja vyetu vimepakana, nikaona moshi nyuma ya kibanda chake. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikasema mzee ameamka. Nikapita kwenye uwazi wa ua, nikamkuta amesimama upepo unakotoka, mbele yake sufuria pana ya chuma inawaka.

“Unachoma nini?”

“Aproni.”

Sikuuliza aproni gani. Nilisimama pale na karoti zangu mkononi, nikatamani ningemwahi. Lakini nisiwe mnafiki. Kwa watu wetu hilo ni jambo la heshima. Ya mama yangu ilichomwa, ya bibi yangu ilichomwa, na mchumba wa kaka yangu alivishwa pete iliyotoka humo. Si mambo ya kumlilia mtu.

“Ni ya Annegret,” alisema. “Nitamtolea kipande kidogo, atundike shingoni. Kitu cha mama yake.”

“Umemwambia?”

“Ataona akija.”

“Alwin, wewe ungeweza kuoa mara ya pili mtoto akaja kuona akija.”

Hakucheka. Aliyageuza majivu kwa kijiti cha chuma mpaka yakawa meupe kabisa, kwa sababu weusi ukibaki huiba dhahabu. Alifanya kila kitu polepole na sawasawa, kama afanyavyo mtu mwenye kazi. Nilirudi kwenye karoti nikijiambia kwamba kazi ni dawa.

Siku zilizofuata aliyaosha majivu, akayatia asidi ya kwanza ya kuondoa takataka, kisha akatia zile mbili ambazo kila moja peke yake haiwezi kuila dhahabu, zikiungana zinaila. Akachemsha asubuhi nzima, taratibu, mlango wa kibanda wazi, mpaka ukali wa ziada ukaisha. Akachuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Maji yakatoka ya kijani, kwa sababu ya shaba inayochanganywa na dhahabu, na kijani hakikuambii kitu. Dhahabu iliyoyeyuka inaweza kuwemo ndani ya maji ya kijani wala usiione, na inaweza isiwemo vilevile. Ili ujue, lazima upime.

Hakupima siku hiyo, kwa kuwa giza liliingia. Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Nilimshushia dengu na tambi za mkono, kwa sababu mwanamume yule alikuwa anaishi kwa mkate na jibini, nikamwambia atakula mbele yangu. Simu ikalia. Masikio yake mazito, huwa anaiweka kwa sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia yote bila kutaka. Au tuseme nilitaka.

“Baba, nakuja Jumapili ya Kuwakumbuka Wafu.”

“Vizuri. Huku mvua.”

“Huku pia. Baba, kuhusu vitu vya Mama. Mimi sitaki vyombo, sitaki dhahabu. Wape watu tu.”

“Mm.”

“Ila ile aproni. Ile ya buluu ya mlangoni. Hiyo naitaka. Na msije mkaifua.”

“Haifuliwi.”

“Najua, Baba. Ndiyo maana.”

Nilitazama dengu zangu. Nilisubiri amwambie. Ilikuwa ni sentensi moja tu, na mtoto yuko mbali, hata uso wake hauonekani.

“Ipo, siyo?” Annegret aliuliza.

“Ipo,” alisema Alwin.

Wakaagana. Aliiweka simu mezani, akachukua kijiko, akakirudisha.

“Alwin.”

“Nyamaza.”

“Sijasema kitu.”

“Unataka kusema. Ipo. Iko kwenye chupa kibandani. Kila kitu kilichokuwemo kwenye ile aproni kiko mle.” Halafu akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza tangu nimjue. “Kesho utakwenda na mimi?”

Nikakubali. Nilijua anachoogopa. Kama chupa ina dhahabu, basi hakudanganya, au amedanganya nusu tu, na ana kitu cha kumtia mtoto mkononi. Kama haina, basi aproni ya Roswitha ni moshi, na yeye ndiye aliyeiwasha.

Kesho yake kibanda kilikuwa baridi hata pumzi zinaonekana. Alwin alikata kipande cha karatasi ya kahawa, akachovya kijiti cha kioo kwenye maji ya kijani, akadondosha tone. Kisha akatoa kichupa cha kahawia cha dawa ya kupimia. Dawa hiyo ni bati lililoyeyushwa kwenye asidi, hakuna uchawi wowote. Ikikutana na dhahabu, karatasi inageuka zambarau. Hata dhahabu iwe kidogo kiasi gani, zambarau itajitokeza.

Akadondosha. Tuliinama wote wawili, vichwa vikakaribia kugongana. Karatasi ililowa, ikatulia na kijani chake chepesi.

Akakata kingine. Vilevile. Akakata cha tatu, akatia matone mawili, akasubiri.

“Hakuna,” alisema.

“Subiri kwanza.”

“Zambarau haisubiri, Lioba. Hakuna kitu.”

Akaikamata ile chupa pana, akageukia kopo la chokaa anakomwagia uchafu. Mikono yake haikutetemeka, ndipo nilipoogopa. Nikamshika kifundo cha mkono. Sijapata kumshika mtu huyu miaka yote hiyo, isipokuwa kumpa pole makaburini.

“Dawa yako ni ya lini?”

“Ni nzuri.”

“Sikuuliza kama nzuri. Nimeuliza ya lini.”

Akakitazama kichupa cha kahawia.

“Uliitengeneza kabla Roswitha hajaugua?”

“Kabla,” alisema.

“Mungu wangu, mzee wewe. Na ni wewe uliyekuwa ukiwafokea wanafunzi wa kazi mpaka wanalia, eti pima kipimo kabla hujapima chupa. Roswitha alikuwa akikuigiza kiwandani. Tulicheka mpaka tukashindwa kushika koleo.”

“Aliniigiza?”

“Kila Ijumaa.”

Basi ndiyo hivyo. Dawa ya bati ikikaa muda mrefu hufa, na ikifa haikupi ishara. Inabaki maji meupe yale yale, kila ukiiuliza inakujibu hakuna. Ilikufa rafuni humo humo kibandani, wakati mwenyewe amekaa hospitali akimlisha mkewe mchuzi kwa kijiko. Au labda haikufa. Njia ya kujua ni moja, uidondoshe kwenye dhahabu unayoijua. Ikigeuka zambarau, nzima. Isipogeuka, imekufa.

Nilimweleza hayo kana kwamba yeye hajui, na ndiye aliyenifundisha. Akaiweka chupa chini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Sitaki kuipima dawa,” alisema.

“Kwa nini?”

“Ikiwa nzima, basi imenijibu kweli. Kwamba humo hamna kitu. Kwa sasa bado sijui.” Akanyanyua mabega. “Nikae hivi hivi kidogo.”

Nilimwelewa, na kule kumwelewa kulinikasirisha. Mimi nina kaka Karlsruhe, mwendo mfupi tu wa treni, ambaye sijamsikia tangu mazishi ya mama yetu. Namba yake ninayo. Nisipopiga, bado inawezekana kwamba hana hasira nami. Ndivyo tunavyoishi watu wa huku, kila mmoja na chupa yake asiyoipima. Sikumwambia Alwin hayo. Nilimwambia miguu inaniganda.

“Annegret anakuja Jumapili ya Wafu,” nikasema. “Utampa ndoo akae pamoja nawe?”

Hapo akainuka. Akatafuta kichupa chake cha maji ya dhahabu ya kulinganishia, akakikuta kimekauka, kimebaki doa chini. Nikavua hereni yangu nikamnyooshea.

“Tumia hii.”

Akaitazama mara moja. “Hii ni shaba, Lioba.”

“Ya marehemu mume wangu hiyo, kanipa siku ya harusi.”

“Najua. Roswitha alinikataza nisikwambie.”

Nikairudisha sikioni. Tutaonana mbinguni, Ottmar.

Alwin alitoa jiwe jeusi la kujaribia dhahabu. Pete yake ya ndoa haikutoka, kifundo cha kidole kimevimba kwa baridi yabisi, kwa hiyo akaukunja mkono, akaiburuta pete juu ya jiwe mpaka ikaacha mstari mwembamba wa manjano. Akautia tone la zile asidi mbili zilizoungana. Mstari ukatoweka ndani ya tone. Akalinyonya tone kwa kipande cha karatasi, akashika kichupa cha kahawia, akakishikilia hewani.

“Weka,” nikasema.

“Usinisukume.”

“Sikusukumi. Weka.”

Akaweka. Tukatazama. Nilijikuta naomba jambo la ajabu, karatasi isigeuke. Fundi gani anaomba kipimo chake kiwe kibovu? Haikugeuka. Ilibaki nyeupe kwenye dhahabu ambayo sote wawili tunaijua, dhahabu niliyoiona ikivishwa kanisani nikiwa nimevaa viatu vya kuazima.

“Imekufa,” alisema Alwin.

“Imekufa,” nikasema.

Akaanza kucheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, cha kukwaruza, hakijatumika muda mrefu. Kisha kikawa kilio, naye akageukia ukuta wenye majembe, mimi nikashughulika kufuta jiwe ambalo lilikuwa safi. Sikumgusa tena. Ningemgusa, ila hakuna aliyetufundisha.

Sasa tukahitaji bati jipya, safi, lisilo na risasi, na hapo ndipo nilipokuwa na faida. Nyumbani nilikuwa na pakiti ya mwaka mpya, vile vidude vya bati vya kuyeyusha kwenye kijiko usiku wa mwisho wa mwaka na kuvimwaga majini uone bahati yako. Nilikuwa nimeinunua nikidhani kaka atakuja. Nikapanda basi, nikaileta.

“Kuna uyoga, kuna kiatu cha farasi, kuna nguruwe,” nikasema. “Chagua.”

“Nguruwe ana nyama zaidi.”

Nguruwe wa bahati aliingia kwenye asidi kwa miguu, akatoa viputo vidogo vidogo, akaanza kuyeyuka masikio. Tulimtazama mpaka dawa ikawa tayari. Alwin akapima pete kwanza, na karatasi ikatoa zambarau nzito, ya kujivunia. Kisha akachovya kijiti kwenye maji ya kijani ya Roswitha. Safari hii hakusita.

Zambarau ilianza pembeni mwa tone, ikaingia kati, ikakolea mpaka karibu nyeusi.

“Alikuwa mchafu mke wangu,” alisema Alwin. “Tazama. Tazama alivyokuwa mchafu.” Sijasikia mwanamume akimsifu mkewe kwa upendo kama ule.

Kazi iliyobaki ni ya kawaida. Alitia unga wa kuishusha dhahabu, ikashuka chini kama matope ya kahawia, akayaosha, akayakausha, akayayeyusha kwa moto wa gesi kwenye kikombe cha udongo. Alinigongea mlango kunionyesha. Kilikuwa kitone cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko dengu, cha manjano safi. Alikiweka kwenye kisanduku cha pete juu ya pamba. Kila nikishuka namkuta amekifungua. Redio alikuwa ameizima, na mara mbili tatu nilimsikia akijisemea maneno, nikaelewa kuwa anafanya mazoezi.

Annegret alifika na koti limelowa. Tulikwenda makaburini watatu, tukaweka matawi ya msonobari, tukarudi kunywa kahawa na keki niliyooka mimi. Amefanana na mama yake mpaka namna ya kushika kikombe. Alipoingia jikoni macho yake yalikwenda nyuma ya mlango kabla hajavua viatu.

“Umeiweka wapi, Baba?”

Alwin akatoa kisanduku, akakisukuma juu ya meza. Halafu akaongea. Aliongea kuliko nilivyomsikia akiongea maisha yake yote. Alimwambia habari ya moto na majivu meupe, ya maji ya kijani, ya dawa iliyokufa, ya pete na ya nguruwe. Alimwambia samahani kwa lile neno la kwenye simu. Alimwambia kila punje iliyoruka kwenye kazi ya mama yake, tangu yeye akiwa mtoto anacheza chini ya meza hiyo hiyo, imo humo yote, hakupoteza hata moja.

Annegret aliponigeukia, nikaona anatafuta mtu wa kumwambia kwamba ni utani.

“Shangazi Lioba?”

“Ni kweli, mwanangu. Niliona kwa macho yangu. Hakupoteza hata moja.”

Akakifungua kisanduku. Akakitoa kile kitone, akakiviringisha kiganjani kipate joto. Alwin alikuwa ameinama mbele, amekunja mikono, kama mwanafunzi anayesubiri alama. Annegret akainua kiganja chake polepole, akakipeleka puani, akafumba macho, akavuta pumzi. Akavuta tena.

“Hakina harufu, Baba,” alisema.

“Hapana,” alisema Alwin. “Nimekisafisha.”